Rangi ya Biskuti

Wateja walimwita baba yangu Mzee Plagi, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Gereji yake siku hizi ni duka la simu, lakini nikipita pale naapa bado nasikia harufu ya grisi. Ukimletea gari linalokohoa, alifungua plagi moja, ile inayowasha mafuta kwa cheche, akaiinua dirishani, akasoma kauri ya ncha yake. Nyeusi, gari linabugia mafuta. Nyeupe, injini inajichoma. Rangi ya biskuti, anakufukuza: "Nenda zako! Gari zima, mgonjwa ni wewe."

Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga. Kusoma, ng'o! Miaka tisa, mtu mzima na watoto wangu wawili, naambiwa, "Bado, mama." Niliichukia hiyo "bado", sikufichi.

Kisha Baba akafunga turbo kwenye gari lake kuukuu la saluni. Miaka mitatu alihangaika na injini ile, na nyingine hakuwa nayo. Turbo inashindilia hewa, joto linapanda. Inataka plagi ya baridi, ile inayotoa joto upesi, na nafasi ya cheche iwe ndogo, la sivyo cheche inazimwa. Nikamwambia atie za baridi, nafasi pointi sita ya milimita.

"Ebo! Mimi nimefunga plagi kabla mama yako hajakubali posa!"

Akatia zilezile za moto alizozoea, akazipima pointi nane kwa jani la fila, kijibati cha kupimia nafasi, lililoning'inia kwenye funguo zake. Jani hilo moja alilitumia kwa magari yote ya dunia hii.

Tukaenda kuijaribu mlimani, mimi usukani, yeye akisikiliza. Katikati ya mlima gari likaanza kukatakata. Tulipofika juu akaniambia nizime injini papo hapo, nikafungua plagi, ikaniunguza kupitia kitambaa. Akaiinua juani.

"Biskuti," akasema. "Umeona sasa? Kelele nyingi tu wewe."

Ilikuwa nyeupe kama chumvi, ina vitone vya pistoni iliyoanza kuyeyuka. Nilikuwa na jibu kali mdomoni, la miaka tisa. Nikamtazama usoni. Macho yake yalielekea kwenye plagi, lakini hayakuwa yakiiona.

"Baba, ni nyeupe."

"Nyeupe kiasi gani?"

"Nyeupe pe."

Akakaa kwenye bampa. "Mwaka wa pili huu nasikiliza mlio tu, halafu nasema biskuti. Nilitaka niimalize hii moja kabla hamjajua."

Nilimwonea huruma hadi nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani. Tukateremka taratibu.

Wiki ile nikabadilisha pistoni moja, nikatia plagi za baridi. Yeye mwenyewe alipapasa kwenye mkebe, akalitoa jani la pointi sita, bado lina mafuta ya dukani. Safari hii gari lilipanda bila hata kikohozi kimoja, na Baba akacheka peke yake njia nzima.

Kule juu nilipofungua plagi nikampa kama kawaida. Hakuiinua. Muuza spea aliyetufuata kwa pikipiki akauliza, "Vipi, Mzee Plagi, inasemaje?"

Baba akanirudishia. "Muulize msomaji."

"Biskuti," nikasema, na kweli ilikuwa biskuti.

Kazi hiyo niliitamani miaka tisa. Nikazunguka nyuma ya gari, nikajifanya natafuta spana, nikalia.