Udongo Kwenye Bahasha ya Dawa

Fundi baiskeli aliye mkabala na banda langu la kushonea hakuulizi unataka baiskeli gani. Anakuuliza unapita wapi, kisha anakutuma ukamletee udongo wa huko. Muuguzi mmoja, anayekwenda kila siku nusu lami nusu vumbi mpaka zahanati ya kilimani, aliuleta kwenye bahasha ya dawa. Fundi akaumimina kiganjani, akaupikicha kwa kidole gumba chake kilichopinda, akaunusa.

“Mvua ikinyesha huu unateleza, dada,” akasema kwa sauti yake ya puani, akazama kwenye lundo la vyuma vikuukuu. Fremu aliigonga kwa spana, akasikiliza, akatabasamu. Rimu alizizungusha karibu na sikio, amefumba macho. Ya nne na ya saba ndizo zilizopita. Tairi akachagua pana, laini katikati kwa ajili ya lami, zenye meno pembeni kwa ajili ya tope. Gia ya nyuma ilikuwa kubwa kama sahani.

“Hilo zigo litapanda mlima?” tukamcheka sisi majirani, maana hakuna kipande kilichofanana rangi na kingine. Akiwa kazini hainui kichwa, hata gari la zimamoto lipite.

Asubuhi ya kwanza ya mvua, pikipiki mbili zilikwama katikati ya kilima. Muuguzi akazipita polepole, hajashuka, na alipofika juu akapiga kengele mpaka tukaisikia huku chini. Fundi akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

“Haya,” akasema, “nani mwingine ana udongo?”