Mlango Mmoja, Vyumba Arobaini

Mchora ramani hagusi kipanya ila inapobidi. Mkono wake wa kushoto unacharaza njia za mkato bila yeye kutazama kibodi, na kila baada ya mistari michache vidole vinahifadhi kazi vyenyewe, hata kama hakuna kilichobadilika. "Shemeji, kompyuta haikimbii," humtania mdogo wa mumewe kutoka meza ya pili. Yeye hutabasamu tu, macho yakiwa kwenye kona ya karatasi, palipoandikwa jina la baba mkwe, mwenye ofisi. Kila kitu hukichora mara moja, akakihifadhi, kisha akakinakili. Ndiyo maana hospitali ya vyumba arobaini imemchukua siku nne tu. Leo, kabla ya kuichapisha ramani, amekivuta kitanda cha mgonjwa kwenye skrini kipite mlangoni, kikakwama. Mlango ni wa sentimita themanini, wa nyumba ya kuishi. Amerekebisha mmoja, na yote arobaini ikapanuka papo hapo.

"Basi, tumepona," amesema shemeji yake.

Mlango ule aliutoa kwenye ramani ya zahanati waliyoikabidhi mwezi uliopita, na kule wanakojenga tayari, ukuta haupanuliwi kwa kibonye. Amechukua simu, akampigia fundi mkuu wa zahanati hiyo.

"Fundi, milango ya wodi mmefikia wapi?"

"Tunaijengea sasa hivi, mama. Kuna nini?"

Shemeji ametikisa kichwa, kidole mdomoni, akimwashiria anyamaze.

"Waambie wasimame," amesema mchora ramani. "Ramani tuliyokupa ina kosa, na nimelifanya mimi."