Niliyemficha Aliyejitaja

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Malangali ya Ufipa, mwanangu, nikiwa mke kijana napika pombe ya ulezi uani. Unajua unywaji wake: chungu kimoja, mirija mingi, maji ya moto yanaongezwa juu. Chungu hicho hakikwambii nani kanywa kiasi gani. Mvuke ukipanda, kila kitu kilikuwa laini machoni pangu, hata mikono ya mume wangu iliyotetemeka mpaka apate mrija wa kwanza. Niliiona. Nikajiambia ni baridi ya Ufipa.

Mwaka ule alianguka na baiskeli, akavunjika mguu, tukamlaza hospitali. Daktari, kijana mpole, alimhoji yeye kwanza, kisha akaniita pembeni.

“Mama, mumeo anakunywa pombe?”

“Anaonja tu, daktari. Siku za sikukuu.”

“Mbona mwenyewe anasema kila siku, tangu asubuhi?”

“Ni maumivu hayo yanamsemesha,” nikajibu, rozari mkononi.

Akaniamini mimi. Nani angemkatalia mama mwenye rozari? Nami nilikuwa naficha aibu yangu zaidi ya yake, maana mpishi wa pombe ile ni mimi.

Siku ya tatu, bila hata tone la pombe, alianza kutokwa jasho na kuona nyuki ukutani. Halafu kifafa kikamshika. Nilikimbia ukumbini nikipiga kelele, “Anakunywa! Anakunywa kila siku!” Wagonjwa wote wakageuka kunitazama. Daktari akaja mbio na dawa nyingine, ya mtu aliyekatishwa pombe ghafla, na Mungu akaturehemu.

Alipozinduka alinitazama kama mtu anayetoka mbali. Akasema, “Mama Skola, mimi nilisema.”

Nililia mpaka jioni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliwafundisha wenzangu wote, nikajisahau mwenyewe.

Basi, mwanangu, ukiulizwa habari za mwenzio, usimtaje unavyotamani awe. Mtaje alivyo. Usilolijua, sema hulijui. Na siku atakapothubutu kujitaja mwenyewe, simama naye, usimrudishe kwenye ukungu.

Mungu akupe macho ya kumwona unayelala naye, na ulimi wa kusema ulichokiona kabla hujalazimika kukipigia kelele.