Msemaji Aliyesimama Kabla ya Chakula

Kabla sijaoa, ungeniuliza shujaa wangu ni nani, ningekutajia mnunuzi mmoja wa mbuzi pale soko la Busia. Mheshimiwa wala padri hakufika kwenye kisigino chake. Mimi nilikuwa nauza samaki wakavu mkabala na zizi, na nilimwona kila siku ya soko. Bei ikimkataa, aligeuka akaondoka polepole, mikono nyuma. Nilihesabu hatua zake, nikarudia kuhesabu: kabla ya ile ya kumi, mwenye mbuzi alikuwa ameshaita, "Njoo basi, mzee, njoo tuongee!"

Kwa hiyo nilipopata mchumba huko Molo, upande wa Tororo, nilimwomba mtu huyo awe msemaji wetu. Baba alikuwa marehemu. Aliyestahili kusema ni baba mdogo, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno sita kwa siku, manane akiwa na homa. Nilipomweleza, alisema, "Sawa." Nikaona yamebaki matano.

Tukaenda watatu, pamoja na baba mdogo, kila mtu na baiskeli yake. Wazee wa kwao wakatukalisha, wakataja ng'ombe wanane. Msemaji wangu akacheka kwa adabu, akataja watatu. Wakashuka saba, akapanda wanne. Walipofika sita moyo wangu ukatulia, maana zizini kwangu walikuwa sita kamili na nilikuwa radhi kuwatoa wote.

Shujaa wangu akavaa kofia. "Basi, wazee. Mabinti hata Busia wapo."

Akatoka, mikono nyuma.

Sokoni ungempigia makofi. Lakini ukweni, msemaji akisimama kabla ya chakula, posa imekufa, na waliokuja naye husimama wamfuate. Nilihesabu hatua zake pale uani. Kumi. Kumi na tano. Hakuna aliyeita. Ishirini. Miguu yangu ikaanza kuninyanyua, huku nikijua kabisa kwamba mlango ule nikiutoka, sirudi.

Baba mdogo akanivuta shati. "Kaa."

Baba wa binti akatutazama. "Mbona nyinyi hamwendi? Msemaji wenu si huyo ameondoka?"

"Yule alituonyesha njia tu, mzee wangu," baba mdogo akajibu.

"Ya kurudi?" shangazi wa binti akauliza kutoka mlangoni, na hata mzee mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko.

"Baba wa huyu kijana ni mimi," baba mdogo akasema. "Ng'ombe tunao sita. Mmoja hana mkia. Tunaomba binti."

Nikafumba macho. Miaka yote ile ya sokoni sikuwahi kusikia mtu akitaja kilema cha mali yake kabla hajaulizwa.

Mzee akanong'onezana na nduguze, tena na tena. Mwishowe akasema, "Mkia si mahari. Leteni maji, wageni wanawe."

Maji ya kunawa! Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tukiwa bado njiani, Busitema. Nikamtazama baba mdogo, grisi imejaa kwenye kucha, ananyoosha mikono kana kwamba hajafanya kitu. Nilikuwa nimemchagua shujaa kwa vile hashindwi, na siku niliyokuwa na kitu cha kupoteza, niliyemhitaji alikuwa mtu asiyeona haya kuomba. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja, na nilichowahi kumhesabia ni maneno.

Binti mwenyewe ndiye aliyeleta birika na beseni. Akapiga magoti, akamnawisha baba mdogo, kisha akanifikia mimi. Hakuinua uso.

"Ungesimama vile," akasema chinichini, "ungeoa baiskeli yako."

"Sikusimama."

"Nilichungulia dirishani," akasema. "Ulikuwa nusu." Akanimiminia maji mengi kuliko yaliyohitajika, hadi yakalowesha suruali, nami nikakaa nikilowa, mwenye furaha.