Sekunde ya Mama Karanga

Bibi yangu alikuwa mkunga kule Rabai. Akizalisha mapacha, kabla hata hajamfuta yule wa kwanza, alimfunga uzi mweusi mkononi. Siku moja nikamwuliza, bibi, hawa si wamekuja pamoja? Akanijibu, "Pamoja wapi? Mlango ni mmoja, hawapiti wawili." Shule mimi niliiachia darasa la tatu, lakini neno lile lilinikaa, na juma lililopita likanirudia makaburini Malindi, tulipokuwa tukimzika bwana mmoja aliyekuwa akiandika programu za kompyuta.

Wasomaji wangu mnajua mashine sizijui. Nawaeleza alivyonieleza bwana huyo mwenyewe, barazani kwangu, kikombe cha kahawa mkononi. Ofisi moja ilikuwa ikiandikisha watu wa Ngomeni wapewe hati za viwanja wanavyokaa. Majina yaliingizwa kwenye kompyuta moja, na programu aliyoiandika yeye ikayanakili kwenye nyingine, ile ya kuchapisha. Kila faili ina saa yake, saa ilipoguswa mara ya mwisho. Programu huitazama: ikiwa imesogea, hunakili upya, ikiwa ni ile ile, hupita. Sasa, mashine yenyewe huigawa sekunde vipande vidogo mno, lakini lugha aliyoiandikia programu ilivitupa vipande hivyo, ikasoma sekunde nzima. Siku moja jina la mwisho likaingia faili imekwisha kunakiliwa, ndani ya sekunde ile ile. Programu ikatazama, ikaona saa haijasogea, ikapita. Pacha wa pili akahesabiwa kuwa ndiye yule wa kwanza.

Jina lilikuwa la mama karanga mmoja, mjane aliyekaanga samaki wa kuuza kwenye kiwanja chake miaka na miaka. Orodha ikabandikwa ukutani, yeye hayumo, na jirani amekwisha kuanza kupima ua. Yule bwana akaikagua programu yake, akaliona kosa, akamweleza mkubwa wa ofisi, naye akasema, "Mwambieni alichelewa. Sekunde nani ataijua?"

Yule bwana akatoka, akamwendea yule mama mbele ya foleni nzima.

"Shikamoo mama. Hukuchelewa. Kosa ni langu, programu yangu imeikata sekunde yako."

"Marahaba. Sekunde ndiyo samaki gani huyo, mwanangu? Mimi nimesimama hapa tangu alfajiri."

Watu wakacheka. Yule bwana hakucheka.

Mwashi akipindisha ukuta, sote twauona. Lakini siku hizi mtu aweza kupoteza nyumba mahali pasipoonekana kwa jicho, na anayelijua kosa ni mmoja tu. Akinyamaza yeye, basi, hapana tena wa kusema.

Akarudi ndani, akaitengeneza programu, akachapisha orodha mpya, akaibandika kwa mkono wake. Mkubwa akamwambia, "Sasa kila mtu atadai kakatwa."

"Wakidai, mtazame kama ni kweli."

Yule bwana akaweka ufunguo wa ofisi mezani. Nje, mama karanga alikuwa ameweka kidole juu ya jina lake, akimtaka mwenziwe amsomee tena. Yule bwana akampita, akatoka langoni, na ofisi ile hakuirudia hadi tulipomzika.