Siku ya Jina la Teodors Mežgailis

Katika ukoo wa Mežgailis hakuna aliyewahi kufungwa, kufilisika, wala kuuza siri ya mtu. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa hapa Riga wapo wenye midomo mipana wanaonong'ona hadi leo kwamba Teodors Mežgailis alikuwa jasusi. Teodors alikuwa msomaji wa magazeti.

Kila asubuhi, katika miaka ile ya thelathini, alivaa kola iliyotiwa wanga, akala mkate wake mweusi kwa siagi, akapanda tramu hadi ubalozi wa nchi moja kubwa ya Magharibi ambayo adabu inatuzuia kuitaja. Mezani pake alikuta marundo ya magazeti yaliyoletwa kwa treni kutoka miji midogo ya Urusi, na kazi yake ilikuwa kuyasoma yote, kuanzia hotuba za wakubwa hadi matangazo ya ng'ombe waliopotea. Gazeti la mji fulani likiandika kwamba timu ya askari wa mizinga imechapwa mabao sita na washona viatu wa hapo, Teodors alitabasamu, akachukua mkasi. Mwezi uliopita mji ule haukuwa na askari wa mizinga hata mmoja. Kipande kile cha karatasi kilipanda ghorofa ya juu, kisha kikasafiri mbali kuliko alivyowahi kusafiri Teodors mwenyewe.

Basi, huo ndio upelelezi wake wote, na nusu ya mji ilikuwa ikiishi kwa kazi kama hiyo. Mataifa makubwa yalikuwa yamebandika pua kwenye kioo cha dirisha letu ili kuichungulia Urusi, na yalipochoka kuichungulia Urusi yalichunguliana yenyewe, katika mikahawa ile ile, yakilipiana kahawa.

Shida ilianza alipokuja mkuu mpya wa ofisi, Bwana Hartley. Alikuwa kijana mrefu kama mlingoti, mwenye masharubu membamba aliyoyagusa mara kwa mara, kana kwamba anahakikisha bado yapo. Aliwakusanya wafanyakazi wenyeji akatoa amri moja: yeyote atakayeonekana na mtu wa ubalozi mwingine atafukuzwa siku hiyo hiyo, na hataulizwa sababu. Kabla ya wiki kwisha, mpiga chapa mmoja alikwishaondoka kwa kosa la kujikinga mvua chini ya mwavuli wa karani wa Kipolandi.

Na Novemba ilikuwa imeingia. Novemba ndiyo yenye siku ya jina la Teodors.

Siku ya kuzaliwa, mtu humwalika amtakaye. Siku ya jina haina mwaliko. Kalenda yetu huipa kila siku majina yake; ikisema leo ni Teodors, anayekumbuka huja, na mwenye nyumba humfungulia. Kumrudisha mtu mlangoni siku hiyo ni sawa na kumtemea mate, na katika ukoo ule jambo hilo halijawahi kutokea.

"Tuseme tumesafiri," Teodors alimwambia mkewe asubuhi.

"Tumesafiri wapi, na harufu ya kliņģeris imeshafika ghorofa ya nne?" Hermīne alikuwa akisokota donge la pili la mkate huo mtamu wa sikukuu, la manjano ya zafarani, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. "Mama yako alipokea wageni siku ya jina lake akiwa na homa ya mapafu. Wewe umtoroke kijana wa masharubu?"

"Simtoroki yeye. Namwogopa Arkaša."

"Arkaša atakuja. Tangu nikujue hajakosa kliņģeris wangu hata mwaka mmoja."

"Ndicho ninachosema, mke wangu! Arkaša ni mkalimani wa ubalozi wa Wasovieti!"

"Basi mkalishe karibu na jiko. Joto likimzidi ataondoka mapema."

Jioni ilipoingia, wa kwanza kufika alikuwa Krišs, kaka yake Hermīne, mzimamoto mwenye sauti ya tarumbeta. Akafuata Arkaša, mfupi, mnene, aliyesoma dawati moja na Teodors enzi za mfalme wa Urusi.

"Teo, ndugu yangu! Umezidi kupauka. Hao mabwana zako wanakulisha magazeti tu?"

"Na nyinyi mnalishwa nini?"

"Matumaini. Shemeji Hermīne, hebu nipe kipande, hayo matumaini hayashibishi."

Alikalishwa sebuleni, karibu na jiko la kupashia joto. Joto halikumzidi. Alifungua vifungo vya kizibao akasogeza kiti karibu na sahani ya pīrāgi, zile skonzi ndogo zenye nyama ya moshi na vitunguu, akawa anazimeza kama mtu anayehesabu shanga.

Mara akaingia Bwana Lütke wa ubalozi wa Wajerumani, aliyepanga ghorofa ya chini. Alipiga visigino, akabusu mkono wa Hermīne, akatoa chupa ya mvinyo. Alipomwona Arkaša alisimama kidogo, kisha akaketi mbele yake, wakaanza kuulizana habari za hali ya hewa kwa makini makubwa mno.

Teodors alijipangusa jasho. Alijiambia kwamba usiku huu utapita, mapazia yamefungwa, na Bwana Hartley yuko kwake anakunywa chai. Kengele ikalia.

Alikuwa Bwana Hartley. Mlinzi wa ubalozi alimwambia kuwa ni desturi kwenda, na kijana wa watu alitaka kupendwa na wafanyakazi wake. Mkononi alishika maua kumi na mawili. Hapa kwetu maua ya idadi shufwa hupelekwa makaburini. Hermīne aliyapokea kwa tabasamu, akachomoa moja kimya kimya, akalichomeka kwenye nywele zake.

"Karibu ndani, baba. Umechelewa, lakini kahawa ipo."

Bwana Hartley akapiga hatua sebuleni. Akamwona Mjerumani. Akamwona Mrusi, mwenye krimu puani. Mkono ukaenda kwenye masharubu. Akamshika Teodors kiwiko akamvuta hadi jikoni.

"Mežgailis, umefanya kikao cha majasusi nyumbani kwako?"

"Ni siku ya jina langu, bwana."

"Nimeona ni siku ya nini. Nisikilize. Mtoe yule Mrusi, sasa hivi, nikiona. Nami yaliyobaki nitayasahau. Usipomtoa, kesho usije."

Teodors alikuwa na miaka hamsini na kitu. Kodi ya nyumba ilitoka kwenye mshahara ule, na kuni za baridi, na karo ya binti yao aliyekuwa akijifunza kinanda. Nani angemwajiri mtu wa umri wake anayejua kusoma magazeti tu? Alichungulia mlangoni. Arkaša alikuwa akimweleza Krišs jambo kwa mikono yote miwili, na Krišs akicheka hadi machozi.

"Bwana," alisema, "mtu yule amekuja siku ya jina langu. Simtoi. Kesho asubuhi nitafika kuchukua kalamu yangu na viatu vyangu vya mvua."

"Lakini wewe ndiye uliyewaalika!"

"Hakuna aliyealikwa humu," alisema Hermīne. Alikuwa amesimama nyuma yao na birika la kahawa. "Siku ya jina watu huja wenyewe. Kwani wewe, baba, nani alikualika?"

Bwana Hartley akagusa masharubu.

"Mlinzi wa mlangoni... aliniambia ni desturi."

"Alikwambia kweli. Na wenzako nao waliambiwa hivyo hivyo. Haya, shika." Akamtia skonzi moja ya pīrāgi kiganjani.

Hajamaliza kutafuna, sauti ya Krišs ikatikisa vioo. "Kiti! Shemeji hajanyanyuliwa! Leteni kiti!"

Kwa desturi yetu, mwenye siku hunyanyuliwa kitini mara tatu. Teodors akakalishwa kwa nguvu katikati ya sebule. Krišs akashika mguu mmoja wa kiti, Arkaša wa pili, Bwana Lütke akavua koti akashika wa tatu.

"Wa nne nani? Wewe mrefu! Umesimama kama nguzo ya taa, shika huku!"

Pengine ni kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa, asiweze kukataa. Bwana Hartley aliinama akashika. Wakapiga kelele, wakainua. Sasa yeye ni mrefu na Arkaša ni mfupi, kiti kikalala upande, na Teodors akaanza kuteleza kuelekea Urusi.

"Shusha, mrefu!"

"Inueni nyinyi huko!"

"Msiachie! Nani anaachia?"

"Mjerumani anaachia!"

"Uongo! Mimi siachii kabla ya Mrusi!"

"Jamani," Teodors alilia kutoka darini, ameikumbatia taa, "nishusheni kwanza, mtabishana nikiwa chini!"

Ndipo Bwana Hartley aliposhikwa na kicheko, tena kile kisichozuilika, cha mtoto kanisani. Akapiga goti moja ili alingane na Arkaša, na kiti kikanyooka. Walimwinua mara tatu kama inavyopasa, na hakuna aliyeachia.

Alipokuwa akivaa koti mlangoni, Bwana Hartley alisema bila kumtazama, "Kesho saa mbili kamili, kama kawaida."

"Na kalamu yangu?"

"Iache ilipo. Mtu aliyekataa kumtoa rafiki kwa ajili ya mshahara, sidhani kama ataniuza mimi."

Asubuhi iliyofuata Teodors alifika kabla ya wenzake. Bwana Hartley akaja mezani pake, akazungukazunguka, akashindwa kujizuia.

"Hebu niambie. Lütke alisema nini jana?"

Teodors akaweka mkasi chini, akafikiri.

"Alisema kliņģeris ulipungua chumvi kidogo, bwana. Mke wangu hajamsamehe."

Bwana Hartley akatikisa kichwa akitabasamu, akamsogezea rundo la magazeti.