Fishi ya Mbuyi Ilunga

Kwa miaka kumi na tisa Laurentine alitunza fishi za wagonjwa katika zahanati moja ya mtaa wa Hewa Bora, kadi ngumu zilizopangwa kwenye masanduku ya mbao, na hakuwahi kumpoteza mtu hata mmoja. Kisha daktari mwenye zahanati akamleta mpwa wake Dédé, ahamishie kila kitu kwenye kompyuta. Kadi zikachomwa uani. Laurentine akatazama moshi, akanyamaza, na kunyamaza kule kunamuuma mpaka leo.

Mwezi wa tatu, mtoto wa miaka minne aitwaye Mbuyi Ilunga alidungwa penisilini, koo likavimba, nusura afe mezani. Kwenye kompyuta fishi yake haikuwa na onyo lolote kwamba penisilini inamdhuru. Daktari akamwandikia Laurentine barua ya uzembe: hakuandika onyo, mwisho wa mwezi wa sita aondoke. Barua yenyewe daktari aliisoma ukumbini, wagonjwa wakisikia. Mama wa mtoto, aliyezoea kumwita dada, sasa akawa anampita bila salamu.

Onyo aliliandika. Alilichapa mwenyewe kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Alipomweleza Dédé, jamaa akacheka, akasema mashine haisahau, wanaosahau ni watu wazima. Laurentine alitamani kumzaba kibao.

Badala yake akaenda kusoma. Jumamosi, katika ukumbi wa parokia, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Gaëlle alifundisha Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, na Laurentine, miaka arobaini na sita, akajibana kwenye benchi na vijana walioweza kuwa wanawe. Alikuja na hasira yake, akaondoka nayo. Namba ni aina moja, maandishi ni nyingine, kweli na si kweli ni ya tatu. Akaingiza namba ya simu yake kama namba ya kuhesabia, mashine ikaikataa kwa sababu ya sifuri ya mbele. Vijana wakacheka. Akawaambia wacheke washibe, yeye hakuja kucheza.

Akajifunza orodha, inayopokea kila unachoitia, hata kikijirudia mara kumi. Jumamosi ya tano ikaja kamusi: humo kila kitu kina ufunguo wake, na ukitia kipya kwa ufunguo uleule, cha zamani kinafutika kimyakimya.

Laurentine akaweka kalamu chini. Akauliza, na ufunguo ukiwa jina la mtu, tuseme Mbuyi Ilunga? Gaëlle, binti wa Wakasai, akaelewa kabla hajajibu. Kwao pacha wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga, awe wa kiume au wa kike, mzazi hachagui. Na huyo Ilunga, Hewa Bora nzima ina Ilunga wangapi? Dédé, mpumbavu yule, alikuwa amewafungia mapacha wa mtaa mzima kwa ufunguo mmoja.

Jumatatu hakubisha hodi. Aliwakuta daktari na Dédé ofisini, akavuta kibodi, akaingiza Mbuyi Ilunga wa miaka minne mwenye onyo la penisilini, kisha Mbuyi Ilunga mwingine wa zahanati hiyo, mzee wa miaka sitini asiye na onyo. Akaomba hesabu ya fishi zenye jina hilo. Moja. Onyo halikuwepo tena. Akawaonyesha na dawa yake: kila mgonjwa awe na fishi yake, yenye namba ya peke yake, na namba hiyo ndiyo iwe ufunguo.

Dédé akatazama viatu vyake. Daktari akaichana barua, akaketi.

“Bon, mama Laurentine. Kosa iko mu machine. Utabakia na kazi yako. Lakini hii mambo itabakia hapa mu bureau.”

Damu ikamchemka. Barua ilisomwa ukumbini, na kuichana kufanyike chumbani? Akafungua mlango kwa nguvu. Ilikuwa siku ya chanjo, mabenchi yamejaa, na mama yule alikuwa mstari wa mbele. Laurentine akaita kwa sauti, “Mbuyi Ilunga.”

Mama akasimama na binti yake mkononi. Nyuma, mzee mwenye fimbo, aliyemleta mjukuu, akasimama pia. Wakatazamana.

“Docteur,” akasema Laurentine, akimwita kwa mkono, ukumbi mzima ukisikia, “kuya uchagule. Mumoja wao mu machine yenu haiko. Umuambie ni nani.”

Daktari alikuja mpaka mlangoni, akamtazama mtoto, kisha mzee, kisha vipande vya barua mkononi mwake.